Arobaini ya Mtu Aliyekuwa Hai

Nimeua mtu kwa mdomo. Sisemi hivi kwa kutafuta huruma, maana huruma niliipata ya kutosha, tena siku ileile. Watu walinishika mkono wakaniambia, pole Mdomo, umetusomea vizuri leo. Mwanamke mmoja alinifuta jasho kwa ncha ya kanga yake. Hakuna aliyeniuliza mbona natetemeka. Nikaenda nyumbani, nikanawa uso, nikala wali wa jana kwa mchuzi wa papa, nikashiba. Hilo la kushiba ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mji wenyewe siutaji jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuutaja, na kwa hiyo haukuwa nalo. Ulikuwa mji wa watu wenye macho mazuri tu, makubwa, meupe, lakini macho yasiyoona kitu mpaka kitu hicho kitajwe. Ukiweka papai mezani ukanyamaza, meza ni tupu. Ukisema "papai", wote wanaliona, wanalinusa, na mmoja keshatafuta kisu. Usinicheke. Huko kwenu mambo ni tofauti sana? Basi kazi kubwa kuliko zote mjini mle haikuwa uhakimu wala uganga, ilikuwa kazi yangu. Kila siku saa kumi alasiri, na saa kumi ya mji ule ilikuwa na tabia ya kuketi, ikajinyoosha, ikakataa kabisa kuwa saa kumi na moja, nilisimama kando ya shuka nyeupe katika jumba la sinema la Bi Nunu, nikashika kipaza sauti, na kila kilichopita kwenye shuka nikakitaja. Farasi. Mvua. Huyu kakasirika. Huyu anamdanganya mkewe. Watu wakaona. Mimi nilijihesabu mtu wa pekee, kwamba nimezaliwa na macho yasiyohitaji kuambiwa, na kiburi hicho nilikivaa hata nikienda sokoni kununua nyanya.

Bi Nunu, mwenye jumba, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyefungwa mdomo kwa kufuli. Siku ya kwanza aliniambia: "Mwanangu, wewe sema tu. Ukweli watauona akhera." Nikacheka. Nilikuwa mgeni, nilicheka kila neno la kila mtu.

Siku hiyohiyo Suwedi, niliyekuja naye, alikuwa amesimama nyuma yangu na begi letu. Bi Nunu akaniuliza, "Na huyo nani?" kwa maana bila kuambiwa aliona begi tu linaning'inia hewani. Nami kabla ya kufikiri, kabla hata ya kumeza mate, nikajibu: "Binamu yangu." Basi. Mji mzima ukaona binamu. Suwedi mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tulipofika chumbani akaniuliza, "Binamu wa upande gani, Ngwali?" Yeye peke yake ndiye aliyeniita Ngwali; kwa wengine wote nilikuwa Mdomo. Nikamwambia wa upande wa mama. Akasema, "Haya, mtoto wa mjomba, njoo tutandike kitanda." Kilikuwa kitanda kimoja.

Miaka saba. Suwedi alifanya kazi ya kutengeneza miavuli, kibarazani, na waya zake na sindano zake, na mimi nilifanya kazi ya kuwatengenezea watu ulimwengu. Nilimpenda. Naandika neno hilo hapa kwa sababu kule sikulisema, na najua vizuri kwamba kuandika ni rahisi, karatasi haigeuki kukutazama.

Sasa sinema. Iliingia mjini ndani ya mwavuli. Msafiri mmoja aliuacha kwa Suwedi, umevunjika mbavu mbili, na ndani yake kulikuwa na kanda imezungushwa kwenye kitambaa. Akasema, kaitazameni, akaenda zake bila kuurudia mwavuli wake. Tuliitazama wawili tu, asubuhi, jumba likiwa tupu na Bi Nunu yuko arusini.

Lazima niwaambie kwanza kwamba nilikwisha kutazama kumi za namna hiyo, peke yangu, mlango nimeufunga kwa komeo. Sinema za wanaume wawili wanaopendana. Nilizijua kama mgonjwa anavyozijua dawa zake. Zote zina dirisha: mmoja yuko ndani, mmoja yuko nje, kioo katikati, na pumzi ya mmoja inakitia kioo ukungu. Zote zina maji, mto au mvua au karai la kuogea, maana watengenezaji wanadhani watu hawa wakilowa ndipo tutakapowaelewa. Zote zina nguo iliyoachwa, shati kwenye msumari, ili mmoja apate cha kunusa mwenzake akishakufa. Maana mmoja hufa. Anakufa kwa homa, anakufa kwa kisu, anakufa chini ya treni, anakufa kwa sababu aliyemtunga amechoka naye. Watazamaji hulia, wakatoka nje wanajiona watu wema, na mlangoni wanapishana na mtu wa namna ileile yu hai, wasimpe hata salamu. Nilijiuliza sana jambo hili. Kwa nini tuwaombe wafe kwanza ndipo tuwapende? Nani alianza kuyadai malipo hayo? Na zile alama zote, kioo, maji, shati, je, si njia tu ya kusema jambo bila kulisema, kazi ninayoifanya mimi kila siku saa kumi? Nilikaa na maswali hayo miaka mingi. Sikuyauliza kwa sauti.

Ya kumi na moja haikuwa hivyo. Walikuwa wawili, mmoja mrefu, mmoja amevaa koti la kahawia lililochakaa viwikoni, nami nitawaita hivyo, Mrefu na wa Koti. Walitafuta nyumba, wakanyimwa, wakapata gofu la nyumba, wakalipaua. Ndiyo hadithi yote. Mwishoni paa linavuja, wameweka karai chini ya tone, wanagombana nani kaiacha ndoo ya chokaa bila kifuniko. Wa Koti anamalizia ukuta. Ana chokaa puani. Mrefu anamfuta kwa kidole gumba, taratibu kuliko inavyohitajika kufuta chokaa. Kisha wanakula. Mlango uko wazi, njia inaonekana, watu wanapita, nao wanakula. Mwisho.

Suwedi alilia. Mimi nilingoja mtu afe mpaka shuka ikawa nyeupe tupu, hata nikaenda kuitazama mashine nikidhani kanda imekatika.

"Umeona?" Suwedi akasema. "Wamekula tu. Wamekula, na mlango hawakuufunga."

"Nimeona."

"Isome kama ilivyo, Ngwali. Miaka saba sijakuomba kitu. Hii isome kama ilivyo."

Nikasema, haya.

Haya! Neno dogo namna hiyo. Mtu analitoa mdomoni kama anayetema kokwa.

Alasiri jumba lilijaa. Suwedi alikaa safu ya tatu, kitini pembeni, amevaa kofia yake ya sikukuu. Safu ya mbele alikaa Mwalimu Faki, mzee mstaafu mwenye bakora, mtu aliyewafundisha nusu ya mji kusoma na kuichapa nusu nyingine. Shuka ikawaka. Wawili wakatokea njiani, bega kwa bega. Na kabla sijafungua kinywa Mwalimu Faki akagonga sakafu kwa bakora: "Mdomo, hawa nani kwa nani?"

Swali la haki kabisa. Ukumbi mzima ukanigeukia, macho meupe ya watu mia tatu, hayaoni kitu, yananingoja. Nikamtazama Suwedi. Alikuwa ametabasamu kidogo, kama mtu anayejua zamu yake ya kusomwa jina imefika. Moyo wangu ukaniambia, sema. Ulimi wangu, na ulimi hauna mfupa, ukasema: "Ndugu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Aaa," wakasema watu. Wakaona ndugu.

Suwedi aliinamisha kichwa. Sikumwona uso tena siku ile.

Ungedhani uongo mmoja unatosha. Lakini ndugu wale walikuwa wakitazamana kwenye shuka, na kutazamana kule hakukutoshea ndani ya undugu, kila mara kulitokeza nje kama mguu wa mtu mrefu kwenye kitanda kifupi. Nikabandika hiki na kile. Anamtazama hivyo kwa kuwa ni mgonjwa. Anamshika mkono kwa kuwa ana homa. Kufika kwenye chokaa, kile kidole gumba, watu walianza kuguna. Nilisikia mguno ukitoka nyuma, unasogea safu kwa safu. Mwalimu Faki akakohoa. Bi Nunu, aliyesimama mlangoni, akasema kwa mzaha wake, "Ndugu wa kupakana hivyo mimi sijawapata!" Watu wakacheka, lakini kicheko chenye meno. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nikasema jambo la kwanza lililokuja.

"Anamfuta uso maiti," nikasema. "Ndugu yake ameshakata roho."

Na wakaona. Wallahi, wakaona! Wa Koti alikuwa anatafuna muhogo kwenye shuka, shavu limemvimba, anacheka, nao wakamwona amekufa. Jumba likalipuka kwa kilio. Wanawake wakajifunga vibwebwe. Mwalimu Faki alitoa leso akafuta miwani. Ule mguno ulikufa palepale, ukageuka mapenzi, na mimi nikasimama katikati ya mapenzi yale, nimeokoka.

Katika mji ule aliyefia kwenye shuka huwekewa matanga kama aliyefia mtaani. Siku tatu za mkeka na kahawa, hitima, kisha siku ya arobaini sinema yake huonyeshwa mara ya mwisho na kanda huzikwa makaburini. Ikishafukiwa, lililosemwa limesemwa, hakuna mdomo wa kulifufua. Ndivyo ilivyokuwa, nami nilijua.

Siku ya pili ya matanga wa Koti mwenyewe akaja. Aliingia kwa mlango wa uani, koti lake la kahawia, chokaa ingali puani, akavua viatu, akaketi mkekani karibu na mzee mmoja. Akajimiminia kahawa.

"Kafa nani?" akauliza kwa adabu.

"Ndugu yake yule mrefu," mzee akaijibu sauti bila kugeuka. "Kijana mzuri, haki ya Mungu. Ukuta hakuumaliza."

"Maskini. Aliugua sana?"

"Aa, ghafla tu. Mapenzi ya Mungu."

Akatikisa kichwa, akanywa kahawa yake mpaka chini. Kisha akaniona. Alinifuata hadi nyuma ya jiko, mahali wanawake walipokuwa wakichambua mchele, wakawa wanachambua na kumtazama kama wanavyotazama hewa.

"Wewe ndiye uliyesema?"

"Ndimi."

"Mimi siumwi kitu, bwana."

"Najua."

"Ukuta niliumaliza. Nimekwenda nyumbani, mwenzangu hanioni. Amekaa mlangoni, anaweka sahani moja. Namwita, anageuka upande mwingine." Akaifuta pua yake, chokaa ikabaki palepale. "Rudisha ulichosema."

"Siwezi."

"Huwezi au huthubutu?"

Nilimwambia naitwa ndani. Hakuna aliyekuwa ameniita.

Jioni, kama ilikuwa jioni, maana saa kumi ilikuwa ingali imekaa dirishani kwetu, Suwedi hakunipigia kelele. Ningeshukuru kelele. Alikuwa anashona kitambaa cha mwavuli, hainui macho.

"Ungenyamaza basi," akasema. "Kama hukuweza kusema, ungenyamaza."

"Watu walikuwa wanaguna, Suwedi."

"Waache wagune. Mguno umemuua nani? Aliyeua ni wewe."

"Wewe huwajui watu hawa."

"Siwajui? Nawashonea miavuli." Akakata uzi kwa meno. "Uliponiita binamu nilicheka. Nilisema, si neno, ni la kujikinga tu, mvua ikipita tutalifunga. Miaka saba, Ngwali. Hii mvua gani?"

Nilikuwa na sababu, nyingi, nilizo nazo hadi leo, zimepangwa vizuri, na kila nikizifungua zinanuka uvundo. Nilifanya kwa ajili yake. Si kweli. Nilifanya kwa ajili yetu. Si kweli. Nilifanya kwa sababu wakati ule, mbele ya macho yale, nilitaka kupendwa na watu mia tatu nisiowajua kuliko kupendwa na mmoja ninayemjua. Haya, nimesema. Inauma, lakini angalau hilo ni langu.

Kisha yakaanza ya Suwedi. Siku ya tisa muuza kahawa alimpita kibarazani bila kugonganisha vikombe. Tukacheka kidogo. Siku ya kumi na tano mteja alikuja, akakitazama kigoda, akasema, "Fundi leo hakufungua," akaondoka. Na Suwedi amekaa juu ya kigoda hicho, waya mkononi. Siku ya ishirini mama mmoja alitua kikapu chake mapajani mwa Suwedi, akapumzika, akakichukua. Hapo hatukucheka. Nikaelewa, na nikajifanya sikuelewa. Watu hawa huona kilichotajwa, na kile tulichokuwa mimi na yeye hakikuwahi kutajwa. Mahali pekee mjini kilipowahi kuonekana, hata kwa dakika, ni kwenye kile kidole gumba, nami nilikigeuza kidole cha kumfutia maiti. Nilichokizika kwenye mkeka ule hakikuwa cha wa Koti peke yake.

"Mimi nakuona," nilimwambia.

"Unaniona?"

"Mimi si kama wao. Naona bila kuambiwa."

Siku ya thelathini niliweka sahani ya maharage kitandani, nikasikia sauti yake: "Ngwali, umenimwagia mguuni." Nikaomba radhi, nikasema mwanga hafifu. Ulikuwa mchana wa jua kali.

Siku ya thelathini na tisa aliongea nami mara ya mwisho, maneno ameyapanga. Sauti ilitoka upande wa mlango. Nilijua yuko mlangoni kwa sababu huko ndiko ilikotoka sauti.

"Kesho nitakaa safu ya tatu, kiti kilekile," akasema. "Ukisema, tutarudi nyumbani pamoja, hata wakitupiga mawe njia nzima. Usiposema, usinitafute. Si kwa hasira. Hutaniona tu."

Kesho yake jumba lilifurika. Watu walikuja na leso, wamevaa nguo za kuzikia, mbele kabisa jeneza dogo la mbao la kuwekea kanda. Wamekuja kulia tena, na mtu aliyekuja kulia akinyimwa kilio chake huwa mkali. Nikashika kipaza sauti. Sura ya kwanza ikapita, njia, wawili bega kwa bega, na mdomo wangu ukaanza wenyewe: ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja. Umezoea. Mdomo una mazoea kuliko miguu.

Hapo wakati ukateleza. Sijui nieleze vipi. Nilimwona Mrefu kwenye shuka, begi nyuma yake, anaulizwa na mwanamke mnene mlangoni, na huyo nani, naye anafungua kinywa, na uso ni wangu. Nikawaona wanapaua nyumba, na mikono inayofunga kamba ni ya Suwedi, na sindano ipo mdomoni. Kisha ni wao tena. Kisha ni sisi. Nilitafuta pa kushika, nikashika ukingo wa shuka, picha zikanipita mkononi, chokaa, mvua, karai. Nikajiuliza, mimi ni nani hapa, anayesimulia au anayesimuliwa? Na kama kuna mtu kando ya shuka yetu, amesimama na kipaza sauti, je, anatutaja vipi kwa watu wake? Binamu? Maiti? Mwoga? Nilitamani sana mtu huyo awe jasiri kuliko mimi.

Kidole gumba kikapanda kwenye pua. Ukumbi ukavuta pumzi, tayari.

"Soma, bwana," akasema Mwalimu Faki kwa sauti iliyokwisha kulowa. "Tusomee tulie."

"Hajafa," nikasema.

Leso zikabaki hewani.

"Hajafa, Mwalimu. Ana chokaa puani, anafutwa. Sasa wanakula. Muhogo. Tazameni shavu lake."

Wakaona. Nilimsikia mwanamke akicheka huku ana kwikwi, hajui la kufanya na leso yake. Mwalimu Faki akasimama, bakora juu: "Ala! Tumemsomea hitima mtu mzima?"

"Mzima. Mimi nilisema uongo."

Kiatu kikanipiga kifuani. Kikaja kingine. Wengine walikuwa wakisukumana kuelekea mlangoni, wengine wakisukumana kuja kwangu, na katikati ya yote Bi Nunu akapaza sauti, safari hii bila mzaha: "Nyamazeni! We Mdomo, na huyo mrefu ni nani wake?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema rafiki. Jirani. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, nikalisikia ladha yake.

"Mwenzake," nikasema. "Si ndugu. Wanapendana. Wanalala kitanda kimoja, wanagombana kwa ajili ya ndoo, na mlango hawakuufunga. Na Suwedi, fundi miavuli, si binamu yangu. Hajawahi kuwa. Ni mwenzangu, miaka saba, nami nimemkana kila siku ya miaka hiyo."

Sitasema walinikumbatia. Nusu ya ukumbi ilitoka, wengine wakitema mate mlangoni, na kuna mtu aliyeliinua lile jeneza dogo akalibwaga. Waliobaki walibaki wamesimama, wanaitazama shuka, mle ndani wawili wanakula na watu wanapita njiani. Wengine walikuwa na hasira, wengine nadhani walikuwa na aibu, na mmoja, kule nyuma, alikuwa analia kilio ambacho hakikuwa cha matanga. Sikumjua. Sikuwa na muda naye. Niligeukia safu ya tatu, kiti cha pembeni.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Suwedi!" Nikaruka safu ya kwanza, nikapapasa kiti, nikapapasa chini yake. "Suwedi! Nimesema! Si umesikia nimesema?" Nikaketi sakafuni. "Amekwenda," nikawaambia watu, kwani nilikuwa sina mwingine wa kumwambia. "Nimechelewa. Amekwenda zake."

"Nani kaenda?" Bi Nunu akauliza. Alikuwa amenijia juu, mikono kiunoni, uso umemwiva kwa ghadhabu. "Umeingiwa na nini wewe? Si huyo hapo amekuinamia, kakushika bega?"

Nikalitazama bega langu. Lilikuwa bega tu, na shati langu, na alama ya kiatu.

Wote waliobaki walikuwa wakitazama mahali pamoja, juu kidogo ya kichwa changu. Wote walimwona. Muuza kahawa alimwona, akasema, "Fundi, kumbe upo!" Mimi sikuona kitu. Yale macho yangu ya pekee, yale niliyoyavaa kwenda nayo sokoni, yalikuwa macho ya mji ule ule tangu siku ya kwanza. Na ni mimi niliyeyaambia, kila siku, kwa miaka saba, kwamba hapa hapana mtu ila binamu.

"Bi Nunu," nikasema. "Nakuomba. Niambie yukoje."

Hakuwa amenisamehe na hakujifanya amenisamehe.

"Amevaa shati la kijani," akasema, kama mtu anayelazimishwa. "Kifungo kimoja kimekatika."

Shati la kijani nililijua. Nililifua mimi mwenyewe mara ngapi. Kifungo sikukijua.

"Cha ngapi?" nikauliza.

Aliyejibu ni Mwalimu Faki, yule yule, amesimama na bakora yake, hajakaa wala hajaondoka, uso ameugeuzia ukuta.

"Cha pili kutoka juu," akasema. "Kimebaki uzi."

Nikaanza kuuona uzi.